Mashine ya Bi Somoe

Jumatatu, 2 Septemba

Chaja nyingi, soketi moja inayofanya kazi. Wiki imeanza kwa kugombania umeme na birika la chai la wenzangu wa ofisini. Mashine kwanza, chai baadaye. Wamenuna. Wanune.

Mwezi mzima sasa wa majaribio. Mashine hizi za kunyonya vidonda tumeazimwa na kampuni inayoziuza. Sponji inaingia kwenye kidonda, nailoni ya kunata inafunika juu, mpira unatoka hapo hadi kwenye kimashine cha ukubwa wa redio ya mkononi. Kinanyonya usaha na maji mchana na usiku, nyama inaota kutoka chini. Mgonjwa anatembea nacho begani kama mkoba. Nimezigawa hospitalini, vituo vya afya na zahanati. Kazi yangu ni kuzizungukia, kupima vidonda, kisha kuiambia kamati ya afya kama tununue za kila mahali, au za hospitali tu, au tuachane nazo.

Nani alinichagua? Nilinyoosha mkono mwenyewe kikaoni. Muuguzi wa umri wangu, mwenye magoti kama haya, ananyoosha mkono wa nini?

Joto limewahi mwaka huu. Kwetu Makete saa hizi watu wamejikunyata na masweta.

Jumatano, 4 Septemba

Zahanati ya njia ya Mahurunga. Bodaboda, mchanga, mgongo. Mikorosho imeanza kudondosha, watu wote mashambani, kijiji kitupu.

Hamza, tabibu wa zahanati, alinipeleka tena nyumbani kwa Bi Somoe. Mjane, mtu wa kucheka, anaishi na binti yake Mwajuma na wajukuu. Aliungua mguu wa kushoto na mafuta ya maganda akibangua korosho. Sukari ikakizuia kidonda kupona. Kimeanzia juu kidogo ya kifundo, kimeshuka hadi kwenye kifundo chenyewe. Kiganja changu hakikifuniki.

Mashine anayo tangu siku ya kwanza ya majaribio. Kidonda hakijasogea hata kidogo. Nailoni imelegea upande wa kifundo. Kopo la kukusanyia uchafu karibu tupu. Mashine kimya.

Nikamuuliza kama anaizima. Siizimi mie, sista, wallahi. Sikumwamini. Nikamsomea: mashine ghali, inatakiwa kufanya kazi muda wote, ikikaa bila kunyonya usaha unafungiwa ndani na nailoni, bora hata asingewekewa. Aliinamisha kichwa kama mtoto wa shule. Nikaweka nailoni mpya, nikakimbilia boda kabla jua halijawa kali zaidi.

Nimeandika kwenye ripoti: mgonjwa hafuati maelekezo.

Ijumaa, 6 Septemba

Hospitalini mambo mazuri. Kidonda cha mgongo, safi. Kidonda cha paja cha yule dereva wa lori la saruji, nyama nyekundu kama ndani ya tikiti. Unafurahi kukitazama.

Dkt. Kessy, mwenyekiti wa kamati, alipita wodini na kikombe chake cha kahawa. Akasema nilichokuwa nawaza: mashine ni nzuri, tatizo vijijini. Zibaki hospitali, huko zahanati waendelee na bandeji na chumvi. Si mtu mbaya. Amechoka kama mimi. Nusura nimwambie ndiyo.

Lakini zikibaki hospitali, mtu wa Mahurunga atakuja kulala mjini wiki ngapi? Wakati wa korosho? Hatakuja. Atakuja siku mguu umeshanuka.

Jumanne, 10 Septemba

Nimetoka upande wa Mnazi Bay. Mzee mmoja, kidonda cha juu ya unyayo. Yaleyale. Nailoni imebanduka pembeni, kopo halina kitu, mashine imejizima. Naye anaapa haizimi.

Wawili wakiapa, labda kosa ni la gundi. Jasho, vumbi, joto. Nikampigia kijana wa kampuni. Akanihakikishia gundi yao imepimwa kwenye nchi za joto. Nikamwambia aje aipime kwenye mguu wa mtu anayetembea kwenye mchanga wa huku. Akacheka. Ameahidi kutuma nailoni nyingine, yenye gundi kali zaidi.

Nimekula ming'oko barabarani, vile viazi pori vya huku, chumvi na pilipili. Kitu pekee kizuri leo.

Alhamisi, 12 Septemba

Hamza amemleta Bi Somoe hospitalini. Homa, na harufu. Nilipofungua nailoni nilijua kabla sijaona.

Daktari wa upasuaji hakupoteza maneno. Dawa za sindano, mashine iendelee. Mwisho wa mwezi kama hakuna badiliko, mguu unakatwa chini ya goti. Mwajuma aliziba mdomo na mtandio. Bi Somoe akauliza nani atamwokotea korosho zake. Shamba ndilo linalowalisha wote pale nyumbani.

Nilimshika Bi Somoe bega nje ya chumba. Nikarudia tena habari ya kutozima mashine. Nilikuwa nasikia sauti yangu mwenyewe na siipendi.

Jumamosi, 14 Septemba

Sikwenda mazoezi ya kwaya. Nimelala mchana. Nimeamka nimechoka vilevile.

Jumatano, 18 Septemba

Nailoni mpya imefika. Inanata mpaka kwenye glovu, nimeharibu kipande cha kwanza. Bi Somoe ameruhusiwa jana, kwa hiyo nimemfuata kijijini na kumfunga mwenyewe. Nikasafisha ngozi, nikakausha, nikaizungushia nailoni kifundo chote kama napakia zawadi. Mashine ikaanza kuvuta, sponji ikasinyaa vizuri. Nikamwambia Hamza hii ikibanduka mimi naacha kazi.

Bi Somoe aliushukuru mguu wake kuliko mimi. Alikuwa anaupapasa na kuusemesha.

Ijumaa, 20 Septemba

Nina hasira na sijui nimkasirikie nani.

Nilipanga kupita kwa Bi Somoe dakika chache tu. Tairi la boda likapasuka mlangoni kwake. Dereva akaenda kutafuta fundi, mimi nikabaki kwenye mkeka uani, Mwajuma anapika. Nailoni ilikuwa imelegea tena. Ileile kali. Nikawa nimekaa nayo moyoni, nimechoka hata kugomba.

Adhana ya adhuhuri ikasikika. Bi Somoe akavuta kigoda, akachukua kopo la maji, akanawa mikono, akasukutua, akanawa uso. Akaosha mguu wa kulia. Kisha akainama mguu wa kushoto, akaingiza kucha chini ya nailoni, akaibandua taratibu kutoka kifundoni. Mashine ikaanza kulia kile king'ora chake. Akauchomoa mpira. Mashine ikalia weee mpaka ikajizima yenyewe. Akamimina maji kwenye ngozi.

Nikapiga ukelele. Mama, unafanya nini?

Akanishangaa. Natawadha, sista.

Akanieleza kama unavyomweleza mgeni, na mgeni ni mimi. Mguu unaoshwa mpaka kifundo, na nailoni inazuia maji kufika. Na ule mpira unatoa uchafu mwilini. Ntu atasimamaje mbele ya Mungu uchafu unantoka? Kwa hiyo anabandua, anachomoa, anaswali, anabandika tena. Jioni akishabandua kwa magharibi anaacha hivyohivyo mpaka amalize isha. Alfajiri hivyohivyo.

Hakunidanganya. Niliuliza kama anaizima. Haizimi. Inajizima, kwa sababu hewa inaingia chini ya nailoni.

Nimeupigia magoti mguu ule mara ngapi? Nimekaa kwenye ua ule mara ngapi, na kila mara naondoka kabla ya swala kwa sababu nawahi mjini. Wiki zote hizi naapizana na gundi.

Nilimkaripia mbele ya binti yake. Kwa ujinga wangu.

Jumamosi, 21 Septemba

Sikusubiri Jumatatu. Nimerudi kijijini kwa nauli yangu.

Kwanza Hamza. Yeye ni Mwislamu, anaswali, mtu wa hukuhuku. Nikamuuliza alikuwa wapi. Akaona aibu hadi nikamhurumia. Mwanamume atamwona wapi mama wa watu akitawadha? Yeye anafunga kidonda zahanati, Bi Somoe anatawadha uani kwake. Na mimi mwanamke ninayeweza kukaa uani, sijui hata kutawadha kunafikia wapi. Basi kati yetu wawili hakuna aliyeona.

Tukaenda kwa shehe wa msikiti. Nilitegemea mzee. Nikakuta kijana mdogo kuliko mwanangu wa kwanza, mikono imejaa grisi, anarekebisha bomba la kupulizia mikorosho. Alisikiliza bila kuacha kazi. Hakufungua kitabu chochote. Mwenye bandeji haibandui, anapangusa juu yake kwa mkono wenye maji, imetosha. Na anayetokwa na kitu kisichokoma anatawadha kila wakati wa swala unapoingia, anaswali hivyohivyo. Akasema hayo hata watoto wa madrasa wanayajua, na Bi Somoe mwenyewe anayajua.

Tukaenda wote kwake. Shehe akamuuliza mbona hakupangusa.

Bi Somoe akanitazama mimi. Ingekuwa bandeji ningepangusa, akasema. Mliniambia mashine. Mkasema isiguswe na maji.

Ni kweli. Maneno yangu hayo, siku ya kwanza, nimesimama palepale. Mashine ghali, mama, usije ukaimwagia maji. Nilikuwa namaanisha kile kimashine. Yeye alisikia kitu kizima, kuanzia begani hadi kifundoni.

Shehe akamwonyesha mara moja kwenye mguu wake mwenyewe, grisi na yote. Mimi nikafunga nailoni upya. Alasiri ilipoingia nilikuwapo. Alipangusa kwa kiganja, mashine inanguruma, akaswali. Haikulia.

Nililia mimi kidogo, kwenye boda, ambapo hakuna anayekuona kwa sababu ya upepo.

Jumatano, 25 Septemba

Kopo limejaa. Limejaa! Sijawahi kufurahia usaha kiasi hiki.

Ukingo wa kidonda umeanza kusogea, na katikati kuna nyama nyekundu. Homa hakuna. Bi Somoe amenichekea, ametaka nipige picha mguu wake nikawaonyeshe wakubwa zangu.

Nimepiga simu kote. Upande wa Mnazi Bay, yule mzee amekubali mara moja: ndiyo, nabandua, nitaswalije? Kidonda chake kilikuwa cha juujuu, Mungu amsaidie. Wa hospitalini hawakupata shida kwa sababu wamelala, wanatayamamu kitandani bila maji, na vidonda vyao viko mgongoni na mapajani. Jambo dogo namna hii.

Kamati inakaa wiki ijayo. Kwa mara ya kwanza najua nitakachowaambia.

Jumatatu, 30 Septemba

Tulimleta Bi Somoe kwa daktari wa upasuaji. Nilikuwa najidai kabisa. Nikafungua kidonda kama mtu anayefunua sufuria ya pilau.

Akasifu nyama. Akaminya kandokando. Kisha akaingiza kifaa chake kwenye tundu dogo pale kifundoni, tundu ambalo mimi nililiona na nikalipuuza, kikagonga mfupa. Akaagiza picha ya mfupa.

Mfupa umeoza. Usaha uliofungiwa chini ya nailoni zile wiki za mwanzo ulishaingia ndani. Juu kunapona, chini kunaliwa. Na sukari yake. Akisubiri, homa itarudi na itamchukua mwenyewe.

Kesho kutwa unakatwa.

Niliomba wiki mbili. Hakukasirika. Akanionyesha picha kwenye mwanga, akaniacha niitazame mpaka nilipochoka kuitazama.

Bi Somoe ameambiwa. Alinitazama mimi, siyo daktari.

Jumatano, 2 Oktoba

Umekatwa. Chini ya goti. Ametoka salama.

Sina la kuandika.

Ijumaa, 4 Oktoba

Kamati. Chumba cha mikutano, feni moja, chupa za maji, korosho kwenye visahani.

Nikaeleza yote. Picha za kabla na baada ya kuacha kubandua. Upande wa Mnazi Bay, kidonda cha yule mzee kinafunga. Zahanati nyingine mbili, hivyohivyo. Dkt. Kessy aliuliza maswali mazuri, na mwisho akasema wazi kwamba alikosea kuhusu vijijini. Si wengi wanaosema hivyo kwenye kikao. Wamepitisha: zinunuliwe za zahanati zote, na mimi nitayarishe mafunzo.

Wakapiga makofi.

Nikawaambia mguu ulikatwa juzi. Mmoja, simtaji hata humu, akasema lakini kitaalamu kidonda kilikuwa kinaendelea vizuri. Ningekuwa na kitu mkononi ningemrushia. Nikamwambia mgonjwa hana mguu, mheshimiwa.

Nimewapa masharti yangu. Siku ya kwanza ya mafunzo hakuna anayegusa mashine. Kwanza wajifunze kumwambia mgonjwa hii ni bandeji yako, na hicho kingine ni cha kuivuta tu. Na wamuulize siku yake inakwendaje toka alfajiri, anaoga vipi, anaswali vipi, analala upande gani. Muulizaji awe mtu anayeweza kukaa uani. Wamekubali haraka haraka. Chakula kilikuwa tayari.

Nimejifungia chooni hadi macho yalipopoa.

Jumapili, 6 Oktoba

Sikwenda kanisani. Nimekwenda wodini.

Nilikuwa nimejipanga njia nzima nitasemaje. Nikasema vibaya. Nikamwambia Bi Somoe kwamba tungejua mapema mguu ungekuwepo, kwamba niliandika yeye hafuati maelekezo, na kwamba nimelifuta hilo. Nikamwambia nisamehe.

Alikuwa anatazama shuka pale linaposhuka baada ya goti.

Ungeniuliza tu, sista, akasema.

Hakusema amenisamehe. Hakusema hajanisamehe. Akaniomba maji ya kunywa, kisha akaanza kunieleza kwamba Mwajuma anaokota korosho peke yake na za upande wa mtoni viboko wanazikanyaga.

Nimekuja nyumbani nimekaa kwenye ngazi. Mume wangu alitoka zamu bandarini, akanikuta, akakaa pia. Namshukuru.

Jumatano, 30 Oktoba

Mafunzo, kundi la kwanza. Sauti imekauka. Wauguzi wa zahanati, wengine wametoka mbali, wanasinzia baada ya chakula. Siwalaumu.

Nikawauliza nani kati yao amewahi kumwona mgonjwa wake akitawadha. Mikono michache. Nani anajua mwenye bandeji anafanyaje? Mikono mingi. Wakatazamana. Dada mmoja wa Nanyamba akasema kumbe. Basi, hilo ndilo nililotaka.

Mashine mpya hazijafika. Zabuni, sahihi, zabuni. Kampuni imetuachia zile za kuazima mpaka zije.

Jumanne, 26 Novemba

Zahanati ya njia ya Mahurunga. Mvua ya kwanza ilinyesha jana, mchanga umeshikamana, boda imepita vizuri.

Kuna mgonjwa mpya, Bi Fatu, kidonda cha kisigino. Hamza alimfunga mashine juzi. Nilikuwa nimebeba hotuba yangu yote ya bandeji, nimeifanyia mazoezi njiani. Nikamkuta Bi Somoe kwenye kibaraza cha Bi Fatu, ameletwa na bajaji ya mpwa wake, magongo yameegemezwa ukutani. Hakuna aliyemtuma. Alisikia tu kwamba kuna mwenzake.

Bi Fatu alikuwa anachezea ukingo wa nailoni. Bi Somoe akampiga kikofi cha mkono. Acha, bandeji hiyo! Pangusa tu. Usinifanye nichekwe mie. Kisha wakacheka wote wawili, kicheko cha watu waliokua pamoja.

Sikuwa na kazi. Nikakaa.

Adhuhuri ikaingia. Bi Fatu akatawadha, akapangusa juu ya nailoni kwa kiganja, polepole, akimwangalia mwenzake kama amepatia. Bi Somoe akatawadha baada yake, mguu wa kulia, basi. Akaswali kwenye kiti. Bi Fatu aliswali kwenye mkeka, mashine ubavuni mwake. Nilikuwa nasikiliza mashine muda wote. Iliendelea kunguruma.

Walipomaliza nikamfungulia Bi Somoe kitambaa cha goti nione mshono. Umekauka vizuri. Aliuliza kama miguu ya bandia inakuja huku au mpaka mtu aende Dar. Nikamwambia sijui, lakini nitauliza.

Akaniomba nimsogezee magongo. Nikamsogezea.